Nimempeleka mbwa wangu kwa fundi wa mbwa wa tochi Masasi, haya ndo maoni yangu

Wakuu salama, wenye mashamba ya mihogo na karanga huku kusini hii inawahusu. Kila msimu watu wanauliza mbwa gani anafaa kwa lindo la usiku, la kufukuza nguruwe pori shambani, na majibu ni yale yale, tafuta jerimani, tafuta mbwa mkali, tafuta dume kubwa. Mi wangu nilimpeleka kwa jamaa mmoja nje kidogo ya Masasi, upande wa njia ya Newala, anafundisha mbwa kufanya kazi na tochi, na nimeona niandike maana hela yenyewe si ndogo na kila nikikutana na mtu ananiuliza vipi inalipa? Inalipa, ila kuna sehemu moja sikubaliani naye kabisa na nitaisema hapa hapa.

Mfumo wake kautoa Uingereza, si kwamba amefika, kaangalia video za kule mpaka bando likamkoma. Kule kuna mbwa wanaitwa lacha, na lacha si aina moja ya mbwa kama watu wanavyodhani, ni mchanganyiko, upande mmoja mbwa wa mbio kama greihaundi au wipeti au saluki, upande wa pili mbwa wa kazi, mara nyingi koli yule wa kuchunga kondoo au teria wa Bedlington. Wanachanganya kwa sababu greihaundi peke yake anakaribia kilomita 70 kwa saa lakini pumzi hana, na akili ya kumsikiliza mtu gizani ndo kabisa, sasa ile damu ya koli inamletea utulivu na pumzi. Wanatoka nao usiku, mwenye taa anamulika, sungura akionekana mbwa anafunguliwa kamba, anakimbia ndani ya mwanga, anakamata na kumleta mkononi kwa bosi wake. Na hata wao sheria imewabana, England na Wales tangu ile ya 2004 kuwinda wanyama pori kwa mbwa ni marufuku, walichobakiziwa zaidi ni sungura na panya, mradi mwenye ardhi karidhia.

Kwetu tuelewane mapema kabla mtu hajakimbilia kununua tochi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 haitaki mambo ya kuwinda usiku wala kuwinda kwa kumulika taa, kwa hiyo usiende kwa huyu fundi ukidhani atakutengenezea mbwa wa kukuletea kitoweo, atakurudisha na mbwa wako. Yeye anafundisha mbwa wa kuswaga, nguruwe atoke shambani, basi.

Kitu kilichonifurahisha kwanza ni namna anavyomkagua mbwa. Haangalii ukali. Anashika nyayo moja moja anaziminya, anaangalia kifua kama kina nafasi ya pumzi, anatazama ngozi, maana mbwa wenye damu ya greihaundi ngozi yao nyembamba, ukimpitisha kwenye vichaka vyetu vya miiba asubuhi unamshona. Afu anakwambia uondoke, ujifiche nyuma ya nyumba, yeye anabaki anamtazama tu mbwa, kama atakutafuta au ataanza kuzurura zake. Wangu ni wa kienyeji, mrefu miguu, mama yake alitoka Tandahimba, baba Mungu ndo anamjua. Fundi akamaliza kumtazama akaniambia, "Kaka, mbwa wako miguu anayo, akili anayo, ila ana mdomo." Yani anabweka ovyo. Hapo ndo penye ugomvi wetu, nitafika.

Mbwa chini ya miezi kumi hampokei, hata ulipe mara mbili. Anasema mifupa na viungo bado laini, ukimkimbiza usiku kwenye matuta ya mihogo unamlemaza, na pia mtoto akitishwa mara moja na dume la nguruwe hatakuja kuwa mbwa wa kazi tena. Mi naona yuko sahihi kabisa na wanaomlalamikia kwa hili waache.

Masomo yanaanza mchana, na yanachosha kuyatazama, njoo, kaa, subiri, njoo, kaa, subiri. Anatumia soksi iliyojazwa maganda ya mahindi, anaitupa, mbwa anairudisha mkononi, akiidondosha njiani hapewi kitu. Kisha anawapitisha mbwa, wakiwa kwenye kamba, katikati ya mbuzi na kuku wa majirani, kila siku, mpaka mbwa anawaona mbuzi kama visiki. Hili msilidharau, kijijini mbwa akiua mbuzi wa mtu mmoja tu, kesi yake itakula msimu mzima wa karanga zako.

Tochi inaingia mwishoni, jioni kiza kinapoanza kushika. Soksi inatupwa ndani ya mwanga, mbwa anajifunza kwamba kazi iko pale taa ilipo. Na taa ikizimwa kazi imekwisha, anapigiwa mluzi, anarudi miguuni. Jamani hii ya taa ikizimwa mbwa anarudi, hii peke yake ndo hela yangu ilipokwenda na sijutii hata senti. Nguruwe dume ana meno ya kumpasua mbwa tumbo, na mbwa mkali asiye na breki anamfata mpaka kichakani, huko yuko peke yake, wewe uko nje na tochi unaita jina hadi sauti inakauka. Wangu sasa hivi nikizima taa anaacha katikati ya mbio, anarudi anahema, kundi linaishia zake bondeni na shamba limebaki zima.

Kuna jambo jingine fundi alinionyesha nilikuwa silijui na nadhani wengi humu hawalijui. Macho ya nguruwe hayawaki. Ukimulika paka, mbwa, mbuzi au paa, macho yanang'aa kwa sababu nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga, nguruwe huo utando hana, so unaweza kumulika shamba zima usione jicho hata moja na kundi liko pale linafukua mihogo. Inabidi utafute mgongo, kivuli, mmea unaotikisika, na zaidi usikie. Wakati huohuo komba aliyeko kwenye mkorosho macho yake yanawaka kama makaa na mbwa mgeni atapoteza usiku mzima chini ya mti anamrukia komba. Fundi anawafundisha makusudi kupuuza macho ya juu, anawapeleka chini ya mikorosho wakati mabibo yanaanguka, komba kibao, na mbwa akitazama juu taa inazimwa. Ile ni akili kubwa.

Upepo pia. Anakufundisha wewe mwenye mbwa, maana nusu ya somo ni la mtu. Ingia shambani upepo ukikupiga usoni, usiku usio na mbalamwezi, na usimuachie mbwa kila unachokiona, ukimuachia hovyo anachoka na anaacha kukuamini.

Sasa ugomvi. Kwa Waingereza mbwa wa taa akibweka ni mbovu, sungura wote wanaingia mashimoni, kwa hiyo fundi wetu anamfundisha kila mbwa ukimya, na wangu kanyamaza kweli, mdomo umefungwa kabisa. Lakini sisi hatukamati sungura! Mimi nataka nguruwe ajue kwamba kuna mbwa, nataka abweke akiwa umbali wa salama na nguruwe akimbie kwa kelele, si mbwa ananyatia kimya mpaka wanakutana uso kwa uso. Nilimwambia, akanijibu mbwa mwenye mdomo anawazoesha nguruwe kelele hadi wanapuuza. Inaweza kuwa kweli kwa mbwa anayebweka usiku kucha toka dunguni, kile kibanda cha kulindia shamba, ila kwa aliyeachiwa kwenye mwanga mi naona amekopi bila kupima. Nimemrudishia wangu kubweka mwenyewe nyumbani, kwa amri, na kazi imenoga zaidi.

Bei ni laki moja na nusu ukimwachia mbwa, chakula juu yako, unapeleka unga na dagaa. Mabanda masafi, maji yapo, kupe anawatoa kwa mkono kila asubuhi. Bila cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa hapokei na anaangalia tarehe kwelikweli. Kipindi cha kupuliza salfa, ile dawa ya unga, kwenye mikorosho anafunga, anasema vumbi lile linawaharibu pua na macho.

Wale wa Liwale na Nachingwea mliokuwa mnauliza kama mbwa huyu anafaa kwa tembo, hapana, na fundi mwenyewe anasema hapana. Mbwa akimchokoza tembo anakimbilia kwa bosi wake, na tembo anakuja nyuma yake. Tembo piga simu kwa maofisa wa wanyamapori.

Nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ile habari ya ukimya. Ukienda wahi asubuhi, baada ya saa tano amelala maana usiku wote yuko porini na mbwa za watu, na ukimgongea anaamka amenuna.