Ziara ya vyakula vya mtaani Varanasi: malaiyo saa tano asubuhi?

Nianze na kinachoniuma. Kampuni hii ya kutembeza wageni, ambayo jina lake naliacha, inauza siku nzima ya kula vyakula visivyo na nyama katika vichochoro vya Banaras, jina jingine la Varanasi huko India, na picha kubwa kwenye tangazo lao ni ya malaiyo. Halafu wanakuja kukuchukua saa nne asubuhi! Anayejua malaiyo ni nini hawezi kupanga saa hiyo. Asiyejua asiiuze.

Malaiyo ni povu la maziwa, basi. Maziwa huchemshwa kwenye karai kubwa, hupozwa, kisha huachwa wazi juu ya paa usiku kucha yapigwe na baridi na umande. Kabla hakujapambazuka hupekechwa kwa upekecho wa mti, na kila povu likipanda linachotwa na kuwekwa kando. Hutiwa sukari, iliki na zafarani, na juu hunyunyiziwa pistachio au lozi zilizokatwakatwa. Ndiyo maana huipati isipokuwa miezi ya baridi, takribani Novemba hadi Februari. Mafuta ya maziwa yakiwa baridi hukaza na kushikilia viputo. Jua likipanda mafuta yanalegea, viputo vinapasuka, na kikombe kilichokuwa kimejaa hadi ukingoni kinabaki na maziwa kidogo ya njano chini. Wenyeji wa Lucknow wana povu kama hili wanaloliita nimish, na Delhi ni daulat ki chaat, na huko kote sharti ni lilelile: asubuhi, kwenye baridi.

Sisi tulifikishwa kwa muuzaji saa tano. Tukapewa vikombe vya plastiki. Nilichomeka kijiko, kikasimama wima. Hapo tu nilijua. Povu la kweli halishiki kijiko. Unalitia mdomoni na kabla hujafunga midomo limeshakwisha, inabaki harufu ya iliki na utamu mdogo ulimini. Hili la kwetu lilibaki. Liliacha utando wa mafuta kwenye kaakaa kama mtu aliyelamba siagi, na rangi yake ilikuwa njano kali, sawasawa kila upande. Zafarani haipaki hivyo. Huacha nyuzi, huacha madoa, sehemu imekolea na sehemu imefifia. Ile ilikuwa krimu iliyopigwa na kutiwa rangi.

Nikamuuliza mtembezaji, kwa adabu kabisa, maziwa ya kumalizia yako wapi. Maana malaiyo inakuja kwenye kulhad, kikombe cha udongo uliochomwa bila kupakwa chochote, na ukishamaliza povu unamrudishia muuzaji kikombe, naye anakumiminia maziwa yenye zafarani na iliki unywe. Povu na maziwa ni kitu kimoja, na udongo unachangia harufu yake. Akanijibu bila hata kunitazama: "Hiyo haimo kwenye ziara. Wenzako wamekula na wameridhika." Mbele ya kundi zima. Wenzangu waliridhika kwa sababu hawajawahi kuionja, na mtu aliyelipwa kuwaonjesha ndiye aliyewaficha.

Kuchelewa huko kuliharibu na kachori. Msomaji wa Pwani asahau ile donge ya viazi tunayoijua. Kachori ya Banaras ni mkate wa ngano wenye choroko nyeusi iliyosagwa ndani pamoja na viungo, mvuje ukiwamo, unaokaangwa hadi ukafura. Watu huila tangu saa kumi na mbili asubuhi kwa mchuzi wa viazi na dengu nyeusi, pengine na boga, kwenye bakuli la majani yaliyoshonwa kwa vijiti. Mara nyingi mchuzi huo hauna kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwa sababu za dini, na ladha yote inabebwa na mvuje, tangawizi na bizari. Kachori iliyotoka kwenye mafuta sasa hivi ukiitoboa hutoa mvuke. Iliyorudiwa kukaangwa haitoi. Ngozi yake inakatika kama biskuti na vidole vinabaki vinateleza. Zetu zilirudiwa. Na jalebi zilizofuata, vile vitamu vya unga vya kukaangwa, zilikuwa za baridi, shira imeshaganda juu yake.

Nilikuwa nimekwisha kuamua: nyota moja. Lakini haki isemwe, jioni yuleyule mtembezaji alitupeleka upande wa mtaa wa Godowlia kwenye tamatar chaat, na hapo sina la kulaumu. Nyanya na viazi vya kuchemsha hupondwa pamoja kwenye chuma kipana juu ya moto, na tangawizi, pilipili mbichi na samli, hadi maji ya nyanya yakauke na samli ianze kujitenga pembeni. Inachotwa ikiwa moto sana. Juu inamiminwa shira nyepesi yenye bizari ya pilau, giligilani na ndimu, na mwisho kabisa vipande vya unga vilivyokaangwa na kuvunjwavunjwa. Hivyo vya mwisho ndivyo vya kuwahi: dakika mbili tatu tu na vimelainika. Nilikula nimesimama, nikaagiza tena. Kwa hicho kibakuli peke yake ningewapa nyota tatu.

Ningewapa, kama si thandai. Ni kinywaji cha maziwa baridi na lozi, mbegu za tikiti, shamari, pilipili manga na waridi, kitamu kweli. Lakini Banaras thandai huweza kutiwa bhang, na bhang ni bangi, mmea uleule na hata jina tulilirithi. Muuzaji akiambiwa "bila bhang" kabla ya kumimina, anaelewa. Mtembezaji hakutuambia neno hilo, na kundini mlikuwa na mama wa makamo na mtoto wake. Nililisema mimi, kwa kila glasi. Kwa hiyo nyota tatu nimezifuta.

Vitamu vingine vimo kwenye ziara na ni vizuri, ila huhitaji mtu wa kukushika mkono. Launglata ni kipande chembamba cha unga uliokandwa kilichofungwa na maziwa mazito ndani, kinabanwa kwa punje ya karafuu, kinakaangwa na kutumbukizwa kwenye shira. Itoe karafuu kwanza ndipo ung'ate. Tambuu ya Banaras, iliyopewa mwaka 2023 alama ya kijiografia, ile inayolinda jina la bidhaa ya mahali fulani, iagize tamu, ya waridi lililosindikwa kwa sukari, na useme waziwazi hutaki tumbaku. Popoo na chokaa ni zilezile tunazozijua.

Asubuhi moja baadaye nilikwenda bila mtu hadi Thatheri Bazar, kichochoro cha wauza vyombo vya shaba, saa moja haijafika. Karai ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Povu lilikuwa hafifu mno hata likawa linatikisika muuzaji alipohema karibu nalo. Hasira ikanipanda upya, kwa sababu ilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka pale tulipolishwa krimu.

Basi nenda, tena nenda wakati wa baridi, ila usiwalipe hawa. Amka mapema, beba noti ndogondogo, kataa kikombe cha plastiki. Na ukimaliza povu usitupe kulhad. Mnyooshee muuzaji, na usiondoke kabla hajakumiminia maziwa.