Shimba Hills kwa miguu: msitu tamu, waliotupeleka ndio shida

Jumamosi tulienda Shimba Hills, ile hifadhi ya wanyama ya Kwale, watu kumi na moja, tukalipa kampuni moja ya safari ya hapa mjini elfu nne kila kichwa, jina nalihifadhi. Tuliambiwa saa kumi na mbili na nusu tuwe Likoni tushavuka feri, gari likaja saa mbili na nusu, tushamaliza mahamri na chai ya pili, na dereva hata pole hana, auliza tu "mko wote?"

Lakini msitu wenyewe, mashaallah. Ukifika Kombani unakata kulia unapanda Kwale, na ile joto yetu ya Mombasa unaiwacha huko chini. Kwenda Sheldrick Falls, yale maporomoko ya maji, lazima mtembee na askari wa KWS (shirika la wanyamapori) mwenye bunduki, ni kama kilomita mbili za kuteremka, miti imefunga juu, huku chini kumelowa. Mahali fulani tukapata mavi ya ndovu bado yatoka moshi, askari akainua mkono, wote kimya, tukasikia tawi lavunjika ng'ambo ya bonde. Ndovu mwenyewe hatukumuona na mimi sikulalamika wallahi.

Karibu na maji mawe yana ukoga wa kijani, na mimi na raba zangu za mtumba za Kongowea soli ishaisha, nikateleza nikakaa kitako majini na simu mfukoni. Maji baridi hayo!

Kurudi juu ndio utajua umri wako, kuna mama mmoja wa makamo alituacha wote. Halafu ile pilau tulioahidiwa ikageuka mkate na soda ya moto, na maji chupa moja ndogo kila mtu. Tukaenda nayo hivo hivo Giriama Point, pale pa kutazamia mandhari, waona vilima vyateremka mpaka baharini, kule pwani ya Diani, hapo nikanyamaza kidogo. Pala hala, wale swala wakubwa, pia tuliwaona kwa mbali, weusi, pembe zimepinda nyuma, na Kenya nzima wako hapa tu.

Mimi nasema kusanyaneni mkodi matatu yenu, maana kutoka geti mpaka njia ya maporomoko ni mbali, bila gari hufiki. Kiingilio lipa mapema mtandaoni kwa eCitizen ya serikali, keshi hawachukui. Bebeni maji lita mbili kila mtu na suruali ndefu, mimi nlivaa kaptula mpaka leo najikuna.