BPC-157 nimeishika mkononi: tazameni hii lebo!

Wanangu wa Rock City, mambo vipi! Leo nimekaa Capri Point, ziwa liko nyuma yangu, upepo ukiingia kwenye maiki mnivumilie. Mwezi mzima mnaniuliza, "Kaka, ile BPC vipi?" Haya, hii hapa. Ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa amino asidi, na watu wanajichoma wakitumaini kano zilizoumia zitapona. Mengine ya peptidi nilishaeleza kwenye video ya protini, sirudii.

Tuanze na lebo, maana ndiyo iliyonikera. Sogeza kamera. Sogeza tena. Mnaona? Herufi ndogo kama sisimizi, Kiingereza kitupu: kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Halafu aliyeniuzia ananiambia nichome karibu na kano asubuhi na jioni! Subirini, nageuza kichupa. Namba ya usajili ya TMDA, wale wasimamizi wa dawa Tanzania, hakuna. Namba ya toleo, hakuna. Sasa nachukua pamba yenye spiriti, nasugua tarehe ya kuisha. Moja, mbili, tatu... imefutika! Tazameni pamba ilivyokuwa nyeusi. Jamani, tarehe ya dawa inafutika kwa pamba! Ndani kuna unga mweupe kidogo, umeganda chini. Nani kauweka? Kiasi gani? Na kichupa kimekuja kwa basi kutoka Dar, zaidi ya kilomita 1,000 na joto lote lile, ndani ya bahasha ya kaki.

Ila nisiwafiche, utafiti wake unanivutia. Ni amino asidi 15, asili yake protini ya majimaji ya tumboni, na kazi kubwa imefanyika Zagreb, Kroatia. Panya waliokatwa kano ya kisigino walipona vizuri zaidi. Ukiwa na kano ya kisigino inayouma kama yangu, ukisoma hivyo moyo unadunda. Lakini wale ni panya. Kwa binadamu, jaribio kubwa bado hakuna. Na ninyi vijana mnaoota ligi, WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli michezoni, wameipiga marufuku tangu 2022. TB-500, peptidi nyingine mnayoniuliza kila siku, nayo imepigwa marufuku.

Bei? 180,000 kwa kichupa kimoja! Hela hiyo nyumbani kwangu ni sato wiki nzima.

Mimi kinachonisaidia ni ngazi. Simama ukingoni kwa nyayo ya mbele, shusha kisigino taratibu. Mara 15, seti 3, goti limenyooka. Kisha seti 3 nyingine goti limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, wiki 12. Niko wiki ya tisa, na Jumapili nimekimbia Kirumba hadi Pasiansi bila kuchechemea. Nilifika pale nikakaa chini, machozi yakanilenga.

Tumefika watu 10,000, asanteni sana! Ijumaa nipo laivu na mtaalamu wa fiziotherapia, andikeni maswali hapo chini. Kichupa hiki sikichomi. Kesho asubuhi nakipeleka ofisi ya TMDA hapahapa Mwanza, na watakachoniambia nitawaletea.