Uzoefu wangu: nilikwenda kuripoti chuki, wakamgeuza binti yangu mkalimani

Mwenye haraka aondoke na hii: nyota moja. Nikifika mwisho huenda nikaongeza, maana kuna dada mmoja wa kwenye simu ambaye peke yake anastahili zote tano. Ila ninayoisema hapa ni ofisi ya jiji inayopokea ripoti za chuki, siyo yeye.

Tunaishi Marekani, mji siutaji. Asubuhi moja ya baridi kali mume wangu alirudi kutoka zamu ya usiku akakuta gari letu limepuliziwa rangi nyekundu ubavuni, kuanzia mlango wa mbele hadi tairi la nyuma. Maneno. Hakuniambia yanasema nini, na Kiingereza changu ni cha ghala: sanduku, lebo, zamu, mapumziko. Akachukua lile blanketi la kijivu tulilokuja nalo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akalibana kwenye madirisha likafunika upande wote, ili watoto wapite kwenda kwenye basi la shule bila kusoma. Tuna binti wa miaka tisa anayesoma kila kitu, hata nyuma ya chupa ya shampuu. Siku mbili gari lilivaa blanketi. Tulimwambia injini inasikia baridi.

Polisi walikuja, wakapiga picha, wakatuachia namba ya ripoti. Waliandika uharibifu wa mali, basi. Jirani yetu, Mkongo mwenzetu aliyetutangulia huku miaka mingi, ndiye aliyenishtua. "Mama Furaha, usikubali iishie hapo. Huku tusi peke yake si kosa, katiba yao inalinda hata maneno machafu. Lakini mtu akikuharibia mali kwa ajili ya rangi yako au ulikotoka, majimbo mengi yanahesabu uhalifu wa chuki, na hayo maneno ndiyo ushahidi wa nia yake. Msioshe gari kwanza. Nenda ofisi ya jiji inayopokea hizo ripoti, na mkalimani umdai, usiombe."

Nikaenda. Kama si Jumanne ilikuwa Jumatano, shule zimefungwa kwa theluji, kwa hiyo nilikuwa na binti. Nasisitiza: sikumpeleka akalimani. Nilimpeleka kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu wa kumwachia.

Dirishani alikaa karani kijana, kucha safi, kikombe cha kahawa mkononi. Nikatoa kile kikaratasi nilichopewa tulipofika nchi hii, kimeandikwa kwamba nazungumza Kiswahili na nahitaji mkalimani. Akakisoma. Akauliza, "Swahili, ndiyo Somalia?" Nikasema hapana. Akatazama chini, akamwona binti, uso ukamng'aa kama mtu aliyeokota pesa. "Wewe unajua Kiingereza, eti?"

Binti akaitikia. Ana adabu zake.

Sasa oneni. Yule karani alichukua picha ya gari, yenye yale yale maneno tuliyoyafunika blanketi siku mbili, akaigeuza kwenye kioo ikamtazama mtoto, akaweka kidole chini ya mstari. Akamwambia amuulize mama haya maneno ana maoni gani nayo, na kwa nini anadhani yaliandikwa kwa chuki. Mtoto akasoma. Nilimwona midomo inavyocheza, kama anavyosoma kitabu cha shule, halafu ikasimama. Akanishika koti. Hakunitafsiria. Alisema tu, "Mama, twende nyumbani."

Nilipiga kelele, sikatai. Nilisema neno la Kiingereza nililofundishwa na jirani, mkalimani, mara tatu nne, mpaka foleni nzima ikageuka. Karani akanijibu, na hili nililielewa vizuri kabisa, kwamba siku hizi Kiingereza ndiyo lugha rasmi, Rais alishasema.

Nimeuliza watu tangu siku ile, na kumbe alijua kipande kimoja tu. Ni kweli Machi 2025 Rais Trump alitangaza Kiingereza lugha rasmi na kulifuta agizo la Rais Clinton la mwaka 2000 lililohusu huduma kwa wasiojua Kiingereza. Lakini agizo hilo jipya lenyewe linasema halimlazimishi mtu kubadilisha huduma alizokuwa akitoa. Na agizo la Rais halifuti sheria ya Bunge. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, sehemu yake ya sita, inakataza anayepokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa rangi au kwa asili ya taifa lake, na mwaka 1974 Mahakama ya Juu, katika kesi ya wanafunzi Wachina wa San Francisco, ilikubali kwamba kumwacha mtu nje kwa kutojua Kiingereza kunaingia humo. Haya yote ningempa pale pale dirishani. Siku hiyo nilikuwa na kelele tu.

Kelele zilimtoa mama mmoja mtu mzima kutoka chumba cha nyuma. Akanitazama, akamtazama mtoto, akainua simu iliyokuwa kando ya kikombe cha kahawa. Kando ya kikombe! Akabonyeza namba, akasema "Swahili", na kabla sijafuta machozi sauti ya kike yenye lafudhi ya pwani ikatoka kwenye spika: "Shikamoo mama. Mimi ni mkalimani," akajitaja kwa namba, si kwa jina. "Nitasema kila kitu kama kilivyosemwa, hata kikiwa kibaya. Ukitaka nipumzike, niambie." Yule mama wa ofisi akampa binti karatasi na kalamu za rangi, akamkalisha mbali.

Dakika arobaini hivi tulizungumza, na ninakiri sijawahi kusikilizwa vile katika ofisi yoyote, ya huku wala ya kwetu. Kwa sauti ya upole, kwa Kiswahili safi, hatimaye nikaambiwa ubavuni mwa gari langu palikuwa pameandikwa nini. Kipande kimoja kilitutaka turudi tulikotoka. Kingine siandiki. Ripoti ikapokewa, wakaahidi kuwaandikia polisi warekebishe ya kwao. Nilipotoka nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu. Nne hata.

Halafu ile fomu. Walinipa nikaijaze nyumbani, ati ya Kiswahili, imetafsiriwa na mashine bila shaka. Swali la nne: "Mbio yako ni ipi?" La tano: "Mbio ya mtuhumiwa?" Mume wangu akasema, andika hatukumwona akikimbia. Tulicheka, mara ya kwanza wiki ile. Na aliyetufumbulia ni nani? Yule yule binti. Akaeleza kwamba kwa Kiingereza neno moja linabeba mbio za uwanjani na rangi ya mtu. Fomu ya kuripoti ubaguzi wa rangi, na neno rangi ndilo limewashinda.

Basi tatu nazirudisha. Ibaki moja, na hiyo ni ya yule mama wa chumba cha nyuma. Ila nawe ukipatwa, nenda. Simu ipo, nimeiona kwa macho yangu, waoneshe kwa kidole kama hawaioni. Na mtoto umwache kwa jirani, hata kama theluji imefika magotini.

Juzi imekuja barua yao. Nadhani ni kuhusu swali la tano, tuliliacha wazi. Nadhani tu, kwa sababu imeandikwa Kiingereza kitupu. Nimeiweka juu ya kabati, pale binti asipofikia, mpaka baba yake arudi kutoka zamu.