Mashine ya kupima sukari: tazameni kopo kwanza, kioo baadaye

Tangu masika yaanze, malalamiko ni yale yale. Msomaji wa Langoni kampima mamake kabla ya chai, mashine ikasema 6. Kamtoboa kidole cha pili, 11. Wa Shela anataka kuitupa yake baharini. Nilipowauliza kopo la vijiti vya kudondoshea damu linakaa wapi, wote wawili: jikoni, kifuniko nusu wazi.

Kwa hiyo leo sizungumzii kumbukumbu ya vipimo wala kuunganisha na simu. Hapa Amu (Lamu) kinachoua kipimo ni unyevu. Kijiti kimepakwa kimeng'enya, kemikali ya kukutana na glukosi, yaani sukari ya damu. Kikishanyonya unyevu kinaharibika, na mashine nyingi hazitambui: zitakupa namba bila haya. Ndiyo maana kopo lina kitu cha kukausha ndani, na mengi yameandikwa joto lisizidi nyuzi 30. Nyuzi 30! Nyumba gani ya mabati hapa iko chini ya hapo mchana wa kaskazi?

Mashine ya kwanza kwangu ni Accu-Chek Active ya Roche, na naipendelea waziwazi. Nyuma ya kijiti pana kidirisha cha mviringo chenye rangi. Kabla ya kupima, unakilinganisha na doa lililochapishwa kwenye kopo. Rangi zikitofautiana, tupa kijiti. Inataka tone kubwa kidogo la damu, na wazee watanuna. Wanune.

Ya pili, FreeStyle Optium ya Abbott: kila kijiti kimefungwa peke yake kwenye foili. Kwa unyevu hakuna kinga bora, na ingekuwa ya kwanza lau vijiti vyake vingepatikana kisiwani bila kuagizia. Ya tatu, Contour Plus. Damu ikipungua, inakusubiri uongeze kwenye kijiti kile kile.

On Call Plus ni ya bei rahisi na inapima. Andika kwenye kopo tarehe uliyofungua, ujue limekaa wazi muda gani.

Na ile aliyoleta shangazi kutoka Jeddah? Huenda inasoma kwa mg/dL, si mmol/L, kipimo chetu hapa. Gawanya kwa 18: 126 ni 7 ya kwetu, msimkimbize mtu hospitali. Na oshani mikono, jamani; kidole kilichotoka kwenye halua kitampa sukari hata asiyekuwa nayo.

Sasa wauzaji. Mashine wanakupa karibu na bure, kisha wanakukamua kwenye vijiti, ambavyo huenda vilishinda juani gatini Mokowe vikingoja boti. Mbaya zaidi ni huyu anayeuza rejareja, vijiti kumi ndani ya kifuko cha plastiki. Nikamuuliza, vitakauka na nini humo? "Dada, nyumbani si una friji?" Friji, ambako kijiti kikitoka tu kinatoa jasho! Na kwa hesabu yake, kijiti kimoja cha kifukoni kilikuwa ghali kuliko cha kopo lililofungwa.