Hedifoni za mafundi za kuzuia kelele, mwanangu amezivaa miezi mitano

Nazungumzia zile wanazovaa watu wa grenda na jenereta, nimenunua Kariakoo duka la vifaa vya usalama kazini, elfu 35. Hazina bluetooth wala chaji, ni vikombe viwili vyenye sponji ndani basi. Naandika kwa ajili ya mzazi ambae mtoto wake akisikia blenda anakimbilia uvunguni.

Wangu ana miaka 6, ana usonji. Daladala ilikua mtihani, honi moja tu anaziba masikio analia mpaka anatapika, na abiria wanakwambia mama mchape huyo umemdekeza. Hajadeka jamani. Therapisti wake alinielewesha, sisi wengine ubongo unachuja, feni ikiwaka dakika mbili tatu huisikii tena japo sikio bado linapeleka ile sauti, ubongo umeshaona haina jipya inaachana nayo. Kwa watoto wengi kama wangu mchujo huo unasuasua, na amigdala, kile kisehemu cha ubongo kinachopiga kengele ya hatari, inaweza kushtuka kwa honi ya ishirini vile vile kama ya kwanza. Mwili wake unajibu kama anakimbizwa na mbwa, moyo mbio, jasho, sasa ukimchapa hapo si unamuongezea hatari juu ya hatari?

Mwanzo nilinunua za bluetooth zinazofuta kelele zenyewe, bei kali, na hazikumsaidia. Zile zinaweza mngurumo usiobadilika kama wa injini, ila honi, mlango kubamizwa, kitu chochote cha ghafla kinapenya. Hizi za mafundi zinaziba tu, boksi limeandika zinapunguza desibeli 27 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na desibeli 10 zikipungua sikio linaona kelele imebaki kama nusu, kwa hiyo tofauti ni kubwa mno. Konda akipiga debe anamsikia kwa mbali, mimi nikimsogelea nikaongea ananielewa.

Kasoro zipo. Joto la Dar masikio yanalowa jasho, nafuta sponji kila tukirudi. Zilikua zinabana, nikawa nazitanua usiku kucha kwenye boksi la viatu mpaka zikalegea. Halafu hili naomba mlishike, msimvalishe kutwa. Ubongo ukinyimwa sauti muda mrefu unajiongezea volyumu wenyewe, akivua sauti za kawaida zinamuumiza kuliko mwanzo. Mimi wiki mbili za kwanza nilimwachia asubuhi mpaka usiku, ikafika mahali hata kijiko kikigonga sahani analia, therapisti ndo akanistua. Siku hizi ni daladala, sokoni na kwenye sherehe tu, nyumbani zinatundikwa msumarini na anajua mwenyewe kuzifuata akisikia mtu anatoa blenda kabatini.

Juzi tumetoka Gongo la Mboto mpaka Kariakoo, foleni na honi kama kawaida, kakaa dirishani anahesabu bodaboda mpaka tunashuka.