Mwaka mmoja katika chekechea inayofundisha kwa michezo: uzoefu wangu kama mzazi

Binti yangu amemaliza mwaka wake wa elimu ya awali katika chekechea moja ya binafsi hapa Morogoro, na Januari anaingia darasa la kwanza. Wazazi kadhaa wa mtaani kwetu wameniuliza kama ada tuliyolipa imestahili, kwa sababu wakipita kando ya uzio wa shule hiyo huwaona watoto wakicheza duka, wakimiminia maji kwenye makopo na kurukaruka uwanjani, na hawasikii ile sauti waliyoizoea ya darasa zima likikariri herufi kwa pamoja. Jibu langu ni kwamba imestahili, tena sana, ingawa yapo mambo ambayo shule inapaswa kuyarekebisha na nitayaeleza bila kuyafunika. Jina la shule sitalitaja, kwa kuwa ninachotaka ni mzazi mwenzangu ajue cha kutazama anapotembelea chekechea yoyote ile.

Darasa lenyewe ni chumba kimoja kipana chenye jamvi katikati na meza fupi pembeni, na limegawanywa katika kona: kona ya duka, ya nyumbani, ya ujenzi na ya vitabu. Barazani kuna beseni kubwa la maji na sanduku la mchanga. Zana nyingi ni za kuokoteza, yaani vizibo vya soda, makopo, maboksi matupu ya majani ya chai, vifuu, mbegu za ubuyu, vijiti na vipande vya kanga, na sisi wazazi ndio tulioombwa kuvikusanya mwanzoni mwa muhula. Watoto hawazidi 25, ambacho ndicho kiwango cha serikali kwa mwalimu mmoja wa darasa la awali, na mwalimu anaye msaidizi. Shule inawaruhusu wazazi kukaa nyuma ya darasa kwa siku zilizopangwa kila muhula, na nafasi hiyo niliitumia kila ilipopatikana. Ninayoyaeleza hapa niliyaona mwenyewe.

Kona ya duka ndiyo iliyonishawishi kuliko zote. Bidhaa zimepangwa kwenye kreti zilizogeuzwa, kila bidhaa ina kikadi chenye nukta za kuonyesha bei yake, na fedha ni vizibo. Siku moja mwalimu alijiunga na mchezo kama mteja, akanunua boksi la sukari lenye nukta tatu, akatoa vizibo vitano, kisha akasimama kimya akisubiri. Muuzaji, mtoto wa miaka mitano, alivipanga vizibo vyote mezani, akavivuta vitatu upande wake na kumsogezea mwalimu viwili vilivyobaki. Hapo mwalimu angeweza kumpongeza na kuondoka, lakini alimuuliza, "Umejuaje?" Mtoto akaeleza alivyofanya. Mwenzake aliyekuwa kwenye foleni akadakia kwamba yeye asingevigusa vile vitatu, angeanza kuhesabu baada yake, "nne, tano," na hivyo vidole viwili vilivyoinuka ndiyo chenji. Mwalimu hakusema njia ipi ni bora. Alimwomba mtoto wa tatu achague njia moja kati ya hizo mbili na kuijaribu kwa bidhaa nyingine, na foleni nzima ikaingia katika mjadala uliodumu mpaka kengele ya uji.

Nimelisimulia tukio hilo kwa urefu kwa sababu ndani yake ndimo ilimo tofauti kati ya kucheza tu na kujifunza kwa kucheza. Vizibo peke yake havifundishi hesabu. Nimeingia katika chekechea nyingine mjini hapa ambazo zina midoli ya bei kubwa na vitalu vya plastiki vya kila rangi, na watoto wanaachiwa wavichezee huku mwalimu akisahihisha madaftari, na baada ya nusu saa vinarudishwa kabatini bila mtu yeyote kuwauliza chochote. Hilo ni jambo jema kama mapumziko, lakini mzazi asiambiwe kwamba ni somo. Katika darasa la binti yangu mwalimu alijua mapema kila kona imekusudiwa kujenga stadi gani, alijua lini akae kando na lini aingie, na alipoingia aliingia na swali ambalo mtoto hawezi kulijibu kwa "ndiyo" au "hapana".

Vivyo hivyo kwenye beseni la maji. Watoto walipewa chupa ndefu nyembamba na bakuli pana, wakamimina kikombe kimoja kimoja katika kila chombo, na karibu wote wakasema chupa ina maji mengi zaidi kwa kuwa maji yake yamepanda juu. Hii ni hali ya kawaida ya umri huo, na mtaalamu wa Uswisi Jean Piaget aliieleza kwa kina katika karne iliyopita: mtoto mdogo hupima kwa macho yake, na urefu humvutia kuliko upana. Mwalimu hakuwasahihisha. Aliwaambia wayarudishe maji kwenye vikombe vilevile waone. Baadhi walishangaa, wengine walishikilia msimamo wao, na wiki zilizofuata chupa na bakuli viliendelea kubaki pale barazani ili kila mtoto arudie jaribio hilo kwa wakati wake. Binti yangu alilihamishia nyumbani, akawa anapima maji ya kuogea kwa kopo na kutuuliza sisi watu wazima kila ndoo ina makopo mangapi kabla hajaanza kuchota. Alipofikia hatua ya kukadiria kwanza na kuhesabu baadaye, niliridhika kwamba kuna kitu kimekaa.

Kilichonigusa zaidi kama mtu niliyekulia uswahilini ni kwamba shule haikuagiza michezo kutoka mbali wakati tunayo ya kwetu. Mchezo wa nyama, ambapo kiongozi anataja kiumbe au kitu na wenzake wanaruka wakiitikia "nyama" pale tu kinapolika, ni zoezi kamili la kusikiliza na kujizuia, maana anayeruka kwenye "nyama ya jiwe" anatoka. Mtoto anayeweza kuuzuia mwili wake kwa sekunde ile moja ndiye atakayeweza kusubiri zamu yake ya kuzungumza darasani. Mdako nao, wa kurusha kete juu, kutoa kokoto shimoni na kuidaka kete kabla haijaanguka, unajumuisha kuhesabu, kukadiria muda na kuunganisha jicho na mkono kwa namna ambayo hakuna kitabu cha mazoezi kinachoweza kuifikia. Mwalimu aliongeza mchezo wa kupiga makofi kwa silabi, ambapo mtoto anatoa bidhaa kwenye kapu, anaitaja na kuipigia makofi: nyanya mawili, karoti matatu, kitunguu manne. Kwa Kiswahili, ambacho mtoto hukisoma kwa kuunganisha silabi, huo ndio msingi wa kusoma wenyewe, na watoto wanaujenga wakiwa wamesimama na kucheka.

Najua hofu ya wazazi wengi iko kwenye kuandika. Wanauliza, mtoto ataandika lini ikiwa asubuhi nzima anafinyanga udongo? Niliwasikia wakiliuliza hata kwenye kikao cha wazazi, na mwalimu alijibu vizuri: vidole vinavyofinyanga udongo, kutunga shanga na kuchambua choroko ndivyo vitakavyoishika penseli bila kuchoka. Nathibitisha kwamba binti yangu anaandika jina lake, anasoma maneno mafupi na anahesabu vitu kwa kuvigusa badala ya kuimba namba mfululizo bila kujua zinasimamia nini. Hayo yalikuja taratibu, mengi yake katika nusu ya pili ya mwaka.

Wapo pia wanaodhani kwamba kujifunza kwa michezo ni anasa ya watu wenye fedha au mtindo ulioletwa juzi. Mjerumani Friedrich Fröbel alianzisha kituo chake cha watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, akiwa na mipira ya sufu na vitalu vya mbao, kwa imani hiihii kwamba kucheza ndiyo kazi ya mtoto. Hapa kwetu, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa angalau mwaka mmoja, na mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 ulitaja umahiri wa kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii na kutumia dhana za kihisabati. Mzazi akiusoma mpangilio huo kwa makini ataona kwamba kona ya duka peke yake inagusa zaidi ya nusu yake. Shule inayowafundisha watoto wa miaka mitano kwa kunakili ubaoni tangu asubuhi hadi mchana haiwezi kudai kwamba ndivyo serikali inavyotaka.

Sasa kasoro. Kubwa zaidi ni kona ya vitabu, ambayo ni dhaifu kiasi cha kusikitisha. Vitabu vingi ni vya msaada, vya Kiingereza, vyenye picha za theluji na wanyama ambao watoto wetu hawajawahi kuwaona, na vile vichache vya Kiswahili vimechanika. Darasa lililowapa watoto lugha nzuri hivi ya kusemea linapaswa kuwapa na vitabu vya lugha hiyohiyo, na kwa ada tunayolipa hilo linawezekana. Ya pili ni ripoti ya muhula. Mwalimu huyu anamjua kila mtoto kwa undani, ukimuuliza atakueleza mtoto wako anatatua vipi ugomvi kwenye kona ya ujenzi, lakini karatasi tuliyokabidhiwa ilikuwa na alama za asilimia kwa kila somo na neno moja la maoni. Muhula wa mwisho, kwa shinikizo la baadhi yetu wazazi, uongozi uliongeza pia kazi za kunakili za kufanyia nyumbani, na binti yangu alianza kuamka asubuhi akiuliza kama leo kuna shule au hakuna, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla. Hilo naliona ni kosa, na niliwaambia viongozi wa shule waziwazi.

Kwa mzazi anayetafuta chekechea, ushauri wangu ni aombe kukaa darasani walau kwa kipindi kimoja na asikilize nani anazungumza zaidi, mwalimu au watoto. Atazame kama zana ziko mahali ambapo mkono wa mtoto unafika au zimepangwa juu ya kabati kwa ajili ya wageni. Amuulize mwalimu kona fulani ni ya kujifunza nini, na amsikilize kama anajibu kwa mfano wa mtoto halisi au kwa maneno ya jumla. Akutane na mwalimu mwenyewe atakayemfundisha mwanawe, maana ubora wote niliousimulia unamtegemea yeye kuliko jengo, na akiondoka, kona zitabaki na vizibo tu.

Mdogo wake binti yangu nimeshamchukulia fomu katika darasa hilohilo, kwa mwalimu yuleyule. Kwenye kikao cha wazazi kinachofuata nitapendekeza sehemu ya mchango wa mwaka inunue vitabu vya hadithi vya Kiswahili, na kazi za kunakili nyumbani zifutwe kwa watoto wa awali.